Jozi Tatu Nilizompa Shemeji Ajaribu

Nauza hedifoni. Kibanda changu kina upana wa mlango na nusu, lakini humo ndani utapata kila kitu cha kuvaa masikioni, na mdomo nimejaliwa. Mwamba ngozi huvutia kwake, nami ngozi nimeivuta miaka tisa bila kuona haya. Siku moja tu nimetamani kuyameza maneno yangu yote, na habari yake inamhusu shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

Mtaani wanamwita Halo. Amekuwa akipokea simu za watu tangu ana miaka ishirini na miwili, na sasa anakaribia arobaini. Ni simu za wateja wa kampuni ya maji: bomba limepasuka, bili haieleweki, maji yanatoka na tope. Mtu humpigia kwa matusi, na dakika ya tatu anamwomba radhi, kwa jinsi sauti yake ilivyo ya upole. Hata nyumbani kwangu akiitwa kula huitikia, "Halo, nikusaidie nini?" na watoto hucheka mpaka wanapaliwa. Aliwahi kuchumbiwa, mambo yakavunjika. Hapendi kuulizwa, nami siulizi.

Mwaka juzi kampuni ilifunga ukumbi wao wa simu, kila mtu akaambiwa akafanyie kazi kwake. Mwaka huohuo baba mkwe, fundi saa aliyestaafu, akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na sauti iliyokuwa ikituamuru sote ikabaki uzi. Shemeji akahamia kwa baba yake. Akaweka meza ya kazi na kompyuta ya kampuni sebuleni, mzee akawa chumbani nyuma ya ukuta, na wakapata lugha yao. Mzee anagonga ukuta kwa fimbo, kwa mkono wa kushoto. Mara mbili ni maji, mara tatu ni choo, mfululizo ni hatari.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipohamia jirani mchomeleaji wa mageti. Mashine yake ya kukatia vyuma ilianza kulia asubuhi na kunyamaza pale tu alipotaka kuvuta pumzi. Sasa, kule kazini kuna msimamizi anayesikiliza simu zilizorekodiwa na kuzipa alama. Kukiwa na kelele nyuma, alama zinakatwa. Shemeji alikuwa amemaliza mwezi mmoja chini ya sabini. Miezi miwili mfululizo, kazi huna. Na nyumba ile, dawa za mzee zikiwemo, ilisimama juu ya kazi hiyo.

Alikuja kibandani akasema kabla ya salamu, "Shemeji, naogopa."

"Unaogopa nini tena?"

"Nipe kitu kinachokata kelele. Lakini nimsikie baba."

Nikacheka. "Shemeji, unataka mvua isiyolowesha."

Yeye hakucheka. Nikaacha utani, nikamfundisha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kukata kelele kuko kwa namna mbili. Kuna kunakokinga masikio yako wewe, usisikie mashine ya jirani. Na kuna kunakomkinga yule unayeongea naye, maiki ichuje kelele ibakize sauti yako. Hedifoni inaweza kuwa bingwa wa hili na mbumbumbu wa lile. Nikamwekea jozi tatu kwenye mfuko, zote zisizo na waya, ajaribu kwa wiki mbili, achague mwenyewe.

"Na baba?" aliuliza tena.

"Kelele ya mfululizo, kama mashine, inakufa," nilimwambia. "Ya ghafla, kama mtu kugonga, inapenya. Mzee akigonga utamsikia, usiwe na wasiwasi."

Nilisema kama mtu aliyejaribu. Sikuwa nimejaribu.

Jumatatu alianza na zile kubwa nyeusi, za kufunika sikio zima. Alizivaa, akabonyeza kitufe, na anasema dunia ilikatika kama umeme. Kupitia dirishani aliziona cheche za jirani zikiruka, lakini mlio hakuna. Betri ilidumu siku mbili bila chaji. Masikio yalitoka jasho kidogo na utosi ukamuuma jioni, ila wateja walimsikia kana kwamba yuko peke yake duniani. Kwa kazi, zilikuwa bora kuliko zote.

Lakini saa ya kwanza alizivua mara kumi na moja. Kila simu ikiisha, anavua, anasikiliza. Nyumba kimya, baba hagongi. Ukimya ule haukumtuliza hata kidogo, maana hakujua kama ni wa mtu aliyelala au wa mtu aliyegonga akachoka. Aliamka, akachungulia. Mzee alikuwa ameelekea ukutani, macho wazi, hasemi kitu. "Unahitaji maji, baba?" Mzee akatikisa kichwa, hataki. Ilikuwa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Jumatano alama zikaja, tisini na moja, na msimamizi akaandika "Hongera". Shemeji anasema aliisoma hongera ile huku akiusikiliza ukuta.

Alhamisi akachukua jozi ya pili, zenye kitufe cha kuruhusu sauti za nje ziingie. Hapo nilijisifu sana, maana nilidhani ndiyo dawa. Kweli alimsikia baba yake. Alimsikia akikohoa, akigeuka, hata kitanda kikilia. Ila mashine nayo ikaingia na viatu vyake. Mteja akamtajia namba ya mita, shemeji akaandika nyingine, mafundi wakapelekwa kwenye nyumba yenye bomba zima, na yule mwenye bomba bovu akashinda anamwagikiwa. Alama zikaporomoka hadi sitini na mbili. Ijumaa alinipigia simu. Alilia tu.

Zikabaki zile ndogo, za mpira, za kuchomeka ndani ya sikio. Kwa muziki ni tamu, zinaziba kama kizibo, na hata uzito wake huuhisi. Kwa simu si nzuri. Maiki yake haichuji, na ina tabia mbaya kwamba ukinyamaza inajipandisha yenyewe kutafuta sauti, inazoa kila kitu chumbani. Shemeji alikuwa na mpango wake. Angevaa moja tu, sikio la pili aliache kwa baba. Nikamwambia umefikiri kama mtaalamu.

Jumatatu ya pili, saa nne asubuhi, jirani alileta geti kubwa. Mlio ukawa wa kutoboa kichwa. Kwenye simu alikuwepo mama mmoja wa makamo ambaye bomba lake lilikuwa limepasuka uani, naye shemeji hakuambulia neno. Akachomeka na ile ya pili. Dakika mbili tu, alijiambia.

Mama yule alieleza, shemeji akawa anasikiliza na kuandika. Mara mama akakatisha maelezo yake.

"Binti, ni nani anagonga huko kwako?"

"Samahani mama, ni karakana ya jirani."

"Karakana gani? Mashine ilishanyamaza zamani. Huyu anagonga kwa mkono. Anagonga, anapumzika, anagonga tena."

Shemeji akatazama dirishani. Hapakuwa na cheche. Jirani alikuwa amekaa kwenye ndoo, anakunywa maji. Mashine ilikuwa imezimwa na yeye hakujua, maana masikioni mwake kulikuwa kimya tangu alipochomeka ya pili.

"Na kuna mtu anaita," mama akaendelea, sauti yake sasa imeshuka. "Anasema mama, mama. Una mtoto humo ndani?"

Shemeji hana mtoto. Anayemwita mama ni mmoja tu, baba yake, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi.

Anasema hakumbuki alifikaje chumbani. Mzee alikuwa ameanguka katikati ya kitanda na ukuta, uso chini, mguu umenaswa na shuka, mkono mbovu umelaliwa na kifua. Fimbo ilikuwa imeviringika mbali. Alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa pete yake ya ndoa, na kuita kwa ule uzi wa sauti. Shemeji alimvuta, hakuweza. Akapiga kelele dirishani, kisha akanipigia kwa simu yake ya mkononi.

"Shemeji, njoo. Baba."

Niliacha kibanda wazi. Nilikimbia huku nimeshikilia suruali, mtu mzima mwenye kitambi, na kichwani mwangu lilizunguka neno langu mwenyewe: utamsikia, utamsikia. Niliogopa kuuona uso wa shemeji kuliko kumwona mzee. Nilimkuta mchomeleaji ameshafika, kinyago kiko juu ya kichwa, ameshika mabega. Tukamnyanyua, tukamlaza. Muuguzi wa zahanati ya karibu akaja, akapima presha, akapapasa mifupa. Haikuvunjika. Lakini kifua kilikuwa kimebanwa. "Angekaa hivyo nusu saa nyingine," alituambia, "nisingewaahidi kitu."

Nilipopita sebuleni nilisikia kitu kikinong'ona sakafuni. Ilikuwa hedifoni moja, imemdondoka shemeji. Nikaiweka sikioni. "Halo? Halo? Yuko hai?" Dakika ishirini nzima yule mama hakuwa amekata simu, na bomba lake likimwaga maji uani.

"Yuko hai, mama," nilimjibu. Ndipo na mimi nikaketi chini.

Muuguzi alipoondoka tulibaki watatu. Shemeji alipiga magoti kando ya kitanda. Mzee akayatafuta maneno moja moja.

"Wiki ile... niligonga. Sana. Siku tatu. Hukuja." Akapumua. "Nikaacha. Nilidhani... umenichoka, mama."

Sijawahi kumwona mtu akipigwa na maneno kama shemeji alivyopigwa na yale. Zilikuwa zile siku tatu za zile kubwa nyeusi, siku za hongera. Aliyemhakikishia kuwa kugonga kunapenya ni mimi, na niliona heri nikiri palepale.

"Mzee, kosa ni langu," nilisema. "Nilimwambia atakusikia."

Hakunielewa. Nikaenda mezani nikazileta zile kubwa, nikamvisha, nikabonyeza kitufe, na muziki nikauweka kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeongea. Shemeji akamwambia, "Baba, sikukuchoka." Akarudia kwa nguvu. Mimi niligonga ukuta kwa fimbo. Mzee aliuona mdomo wa mwanawe ukicheza, akaiona fimbo ikigonga, na macho yakamtoka. Alizinyakua kwa mkono wa kushoto akazitupa kitandani kama mtu aliyeguswa na kaa la moto.

"Humu ndimo unamoshinda?" aliuliza. "Peke yako?"

"Ndiyo, baba."

"Basi leta meza. Hapa." Akaonyesha miguuni pa kitanda.

Mwanzoni shemeji alikuwa amekataa kukaa humo, akiogopa kikohozi cha mzee kisiingie kwenye simu, na mzee mwenyewe hakutaka kutazamwa akiwa hoi. Sasa tuliihamisha meza siku ileile. Alibaki na zile kubwa, kwa kuwa maiki yake inachuja, na kwa kuwa masikio hayakuhitajika tena, macho yalitosha. Ile simu ya mama mwenye bomba ilipewa sifuri. Simu nyingine zilizofuata zikamvusha mwezi, kwa alama sabini na mbili.

Ningependa kusema kuwa hofu imemwisha. Haijamwisha. Kila baada ya sentensi mbili anainua macho, na mzee, akijua anachotafutiwa, ananyanyua kidole kimoja cha kushoto: nipo. Juzi nilikuwa pale nimewapelekea matunda. Mteja alikuwa anaeleza jambo, shemeji akainua macho, na kidole hakikunyanyuka. Alizing'oa zile hedifoni, kiti kikaanguka, akamrukia baba yake na kumshika uso kwa mikono miwili.

Mzee alikuwa amesinzia tu. Alifumbua macho, akanyanyua kidole.

Shemeji alirudi, akainua kiti, akavaa tena. "Samahani mteja," alisema. "Tuendelee."