Mhuri wa Bi Tarehe

Mke wangu amefanya kazi katika maktaba ya manispaa miaka ishirini na sita, na mji mzima unamwita Bi Tarehe. Jina hilo amelipata kwa mhuri wake. Kitu hakitoki mkononi mwake bila kupigwa tarehe ya kurudi. Siku moja aliniazima mwavuli wake. Nilipoufungua mvuani nikakuta karatasi imebandikwa ndani: URUDISHWE KABLA YA IJUMAA. Wakati huo tulikuwa tumeoana miaka kumi na tisa.

Mwaka huu ikaja barua kutoka manispaa. Wasomaji wamepungua, ilisema, kwa hiyo maktaba itafungwa na ukumbi kugeuzwa stoo ya viti na mahema, isipokuwa kama kufikia mwisho wa mwezi itapatikana walau taasisi moja ya kusaini mkataba wa kuhudumiwa na maktaba. Huduma gani? Hawakusema. Mimi ni seremala, na rafu zile nimezichonga kwa mikono yangu. Nilitukana mpaka matusi yakaniishia.

Yeye hakutukana. Alivaa viatu vyake vya harusini akaanza kugonga milango. Hospitalini alisema atawatafutia madaktari maandiko mapya ya tiba. Wakamjibu kwamba wana simu. Chuo cha ufundi walimkaribisha chai, kisha wakamsahau kwenye benchi. Siku ya nne, visigino vimeshachubuka, alifika idara ya maji akaona chumba kizima kimejaa magunia.

"Haya ni ya nini, mwanangu?" alimuuliza meneja.

"Barua za malalamiko, mama. Hatujui hata ipi inasema nini."

"Nipeni mimi. Nitazipanga, kila moja na kadi yake. Mwezi huu bure. Mkiridhika, mnasaini."

Meneja alikubali kabla hajamaliza kusema. Magunia niliyabeba mimi, kwa mkokoteni wangu wa mbao, na mgongo wangu bado unayakumbuka.

Siku kumi alizama humo. Alizigawa barua mia nane kama vitabu: Mabomba Yaliyopasuka, Mita, Maji Yenye Rangi. Lililonivunja mbavu ni fungu la Matusi Matupu, alilolikata mara mbili, yenye anwani na yasiyo na anwani. Kila barua ikapata kadi yake, na zote zikarudishwa idarani ndani ya makasha safi. Nilimwona akitembea kifua mbele.

Kesho yake, mchana, tulikuwa mezani. Kijiko kikamganda mkononi.

"Baba watoto, nimepiga mhuri."

"Mhuri gani?"

"Wa kurudisha. Kwenye kadi zote. Siku kumi na nne. Mkono ulikwenda wenyewe!"

Nilicheka, na kucheka kule kukaniponza, kwa sababu alinikata jicho kisha akashika tama. Ameziharibu nyaraka za ofisi ya watu, alisema. Nani atasaini mkataba na bibi anayewadai barua zao wenyewe? Nilitaka aende akaombe radhi. Alisema atakwenda kesho, na kila siku ikawa kesho. Chakula alikisogeza tu kwenye sahani. Nilimwonea huruma, nikawa namchongea kabati ambalo hakuwa ameliomba. Wiki hizo mafundi wa bomba walichimba kila kona ya mji, tukadhani uchaguzi umekaribia.

Siku moja kabla ya mwezi kwisha nilikuwa maktaba, nakaza misumari ya rafu ambayo huenda ingebebeshwa mahema. Meneja wa maji akaingia, tai imekaa upande, kasha kwapani. Mke wangu akasimama.

"Mwanangu, ile mihuri..."

"Mama, tumejitahidi," meneja alimkatiza. "Makarani walipoiona tarehe walijua ni amri kutoka juu. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mia sita tumeshazijibu, na mabomba tumeyaziba. Lakini hizi zilizobaki hatuziwezi kwa kesho." Akaliweka kasha mezani kwa adabu. "Nimekuja kuomba utuongezee siku."

Nilijua mke wangu anachotaka kusema, kwamba amri haikuwepo, ni mazoea yake tu, maana hajui kusema uongo. Akautazama mhuri wake. Akanitazama mimi. Kisha akavuta droo, akatoa mkataba.

"Kuongezewa muda, mwanangu," alisema, "ni kwa wanachama tu."

Meneja alisaini akiwa amesimama, akashukuru, akatoka na kasha lake lenye tarehe mpya. Mlango ulipofungwa, mke wangu alikaa sakafuni katikati ya rafu zangu, akalia kwa sauti kubwa, mle mle ambamo kwa miaka ishirini na sita hajamruhusu mtu hata kukohoa.