Jina, Kijiji na Namba ya Nyumba

Juma lililopita nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja huku kambi ya wakimbizi ya Mantapala, nikingoja fomu yangu ipigwe muhuri. Mbele yangu alisimama mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na miwili. Mezani kulikuwa na tableti ya shule, ile wanafunzi wanayojifunzia intaneti, ikiwa imefunguliwa kwenye ujumbe.

“Huyu mutu mwenye anakuandikia, unamujua?” mwalimu alimuuliza binti.

“Hapana. Anasema alikuwa jirani yetu kule kwetu Pweto.”

“Ulimuambia nini?”

Mtoto alinyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, akataja bila kukwama: jina lake, la baba, la babu, kijiji walichotoka, barabara ya hapa kambini, namba ya nyumba.

Mama aliinamisha kichwa. “Mwalimu, ni mie nilimufundisha. Wakati tulikimbia vita, batoto bengi balipotea mu njia. Nilimuambia, mutu mukubwa akikuuliza, sema yote, atakurudisha kwangu.”

Mwalimu alivua miwani. “Mama, ulimufundisha muzuri. Lakini sasa mutu mwenye hatumujui anajua nyumba yenu.” Akamgeukia mtoto. “Kuanzia leo, usiambie mutu.”

“Sasa nikipotea, nitaambia nani?”

Mwalimu alimtazama mama. Mama akanitazama mimi. Nami, ninayewagawia ninyi wasomaji mashauri katika safu hii kila juma, nilijifanya nasoma fomu yangu, ingawa ilikuwa na mistari mitatu tu.