Sabuni Nyekundu na Uso wa Dada

Jipu la shingoni lilianza wiki ileile tulipopata habari kwamba harusi ya dada imekaribia. Namwita dada, ingawa ni binti wa mama mkubwa na anakaa Mutsamudu, kisiwa kingine, nami nakaa Moroni, Ngazija. Pamoja na habari ile alituma neno lake: mdogo wangu ndiye atakayenipaka liwa.

Kwetu bi harusi hupakwa liwa usoni kwa siku nyingi kabla ya kutolewa mbele ya watu; liwa ni msandali unaosagwa kwenye jiwe pamoja na maji. Msichana anayechaguliwa kumpaka hukaa naye ana kwa ana, wengine wote wakitazama. Mimi nikiitwa tu darasani masikio yanawaka moto, na hakuna aliyewahi kunichagua kwa jambo lolote. Nililala nikiviwaza vidole vyangu kwenye mashavu yake. Nikaamka shingo haigeuki.

Mama alilibonyeza kidogo. "Juzi kwapani, leo shingoni! Dada yangu akikuona hivi, hata jiwe la liwa hatakuacha uliguse."

Ndipo sabuni nyekundu ilipoingia nyumbani. Mjomba anapika kambini kwa mamluki, wale wazungu wa ulinzi wa rais. Wakipita mjini na sare zao nyeusi, sisi tunatazama chini. Aliitoa mfukoni imefungwa kwa gazeti.

"Hii inaua vijidudu vyote," alisema. "Wenyewe wanaogea hii. Ila mkiulizwa imetoka wapi, hamjui."

Mama aliikata vipande kwa uzi, kama anavyokata sabuni ya mche, akavificha ndani ya kopo la maziwa. "Usisugue sana, itakwisha. Harufu ikishika, basi, umetakata."

Nikafanya hivyo. Naipitisha shingoni mara moja, najimwagia maji, naondoka nikinuka hospitali. Shuleni wasichana wakaziba pua: "Daktari kaja! Nani anadungwa sindano leo?" Jipu likapasuka, na pembeni yake likaanza jingine. Siku zilikimbia, na mkono wangu haukutulia. Naligusa, najikataza, naligusa tena.

Wakati huo fundi wetu wa sayansi, ndivyo tunavyomwita mwalimu, alikuwa akitufundisha bakteria. Alichemsha mchuzi wa nyama, akaugandisha kwa unga wa mwani ndani ya visahani, akatuambia tulete sabuni za nyumbani. Kila mtu alibonyeza kidole kwenye kisahani, akaosha mikono, akabonyeza tena kwenye kingine. Mimi niliosha kwa nyekundu, kwa namna yetu ya nyumbani. Fundi akaniomba kipande changu, akapaka mkononi na kukaa na povu hadi tukachoka kumtazama.

Visahani vilipofunguliwa siku ya tatu, vidoa vya bakteria vimeota juu yake, nilitaka kujificha chini ya meza. Vidoa vyangu vya baada ya kuosha vilikuwa vingi kama vya kabla. Kijana aliyeosha harakaharaka kwa sabuni ya kufulia alipata vingi zaidi ya mwanzo.

"Wewe unaosha kwa uchafu!" wakamcheka.

"Msimcheke," fundi alisema. "Ngozi ina wenyeji wake, wanakaa ndani kwenye vitundu. Ukiosha, wageni wa juu wanaondoka, lakini na wenyeji wanachokozwa wanatoka nje."

Msichana aliyesugua sana kwa sabuni hiyohiyo ya kufulia, akasuuza kwa maji mengi, alipata vichache. Fundi na povu lake jekundu akapata vichache kumpita, lakini vilikuwepo.

"Kwa hiyo nyekundu ni bora?" mtu akauliza.

"Ikiachwa ngozini, na ikitumiwa kila siku, inawapunguza. Kuwamaliza, hapana. Tena visahani hivi ni vichache, msiende kuapa navyo."

Wenzangu walipotoka nikabaki. Moyo ulikuwa unapiga hata kwenye jipu. "Fundi, na kama mtu ana majipu? Si mimi. Jirani."

Akaitazama kola yangu niliyoivuta mpaka masikioni. "Mwambie huyo jirani asiyakamue. Ayakande kwa kitambaa cha maji moto. Awe na taulo lake peke yake. Na sabuni, yoyote ile, asiifanyie ubahili."

Nyumbani tulikuwa na taulo moja, wote. Nilipoomba langu mama aliweka mwiko chini. "Tuna ukoma sisi, hata usijifute pamoja nasi?"

Nikachana kanga kuukuu, nikawa naichemsha na kuianika nyuma ya nyumba ili asiione. Nikarudia sabuni ya mche, nikasugua mpaka povu likateremka mgongoni. Sijui ni kanga, ni kukanda, au majipu yenyewe yalichoka. Tulipopanda ndege kwenda Ouani, uwanja wa karibu na Mutsamudu, shingo ilikuwa imekauka, na mama amebeba kipande cha mwisho cha sabuni nyekundu kama zawadi.

Nyumba ya mama mkubwa ilijaa wasichana. Jiwe la liwa lilikuwa tayari. Kando yake bakuli la maji na kitambaa cha kufutia mikono, kimoja kwa wote. Zawadi yetu iliwekwa pale pale, na kila msichana akawa anaigusa kwa ncha ya kidole, anainusa, anachovya mkono bakulini.

"Mngazija wetu, njoo basi!" mmoja akaniita. "Au unaogopa uso wa mtu?"

Nilikuwa nimeificha mikono ndani ya leso niliyojitanda. Asubuhi ile, karibu na dole gumba la kulia, nilikuwa nimeona kivimbe chekundu, kichwa chake tayari cheupe. Kilikuwa kidogo. Kwa liwa juu yake kisingeonekana kabisa. Dada aliinua uso, safi, umeoshwa, akafumba macho kunisubiri.

Niliutoa mkono. "Dada, usinipe uso wako. Tazama."

Akafumbua macho. Mama mkubwa akainama, akavuta pumzi. "Hata jiwe usiliguse," alisema, kama mama alivyosema atasema. "Na sabuni ya kuua vijidudu mmeileta ninyi!"

Wasichana wakajisogeza kando. Nilijua nitalia, nikatafuta mlango kwa macho.

"Anakwenda wapi?" dada akauliza. "Nimemchagua mimi. Nisagieni, nitajipaka mwenyewe. Leteni na maji mengine, haya yameshachovywa na mji mzima. Yeye atanishikia kioo."

Nikakishika kwa mkono wa kushoto. Kilitikisika, uso wake ukawa unaruka ndani yake. Alichota liwa, akapaka paji la uso, akasimamisha mkono. "Sema basi. Mimi nitaonaje, na kioo kinacheza ngoma?"

Wote walikuwa wananitazama.

"Chini ya jicho," nikasema. Haikusikika. Nikasema tena, kwa sauti. "Chini ya jicho bado, dada. Na kando ya pua."