Asubuhi Pikapu Ilipogoma

Juzi nilikuwa Malaba, nyuma ya foleni ya malori, gari langu likakataa kuwaka. Lilikuwa limetoka kwa fundi siku hiyohiyo. Nikigeuza ufunguo linasema "tak", basi. Fundi mwingine alichomeka kikompyuta chake, akasoma, akakaza waya mmoja, nikaenda zangu. Lakini ile tak, rafiki yangu, ilinirudisha kwetu Bukhayo.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea omena kutoka Sio Port hadi soko la Bumala. Ilinuka samaki hata inyeshewe vipi. Ikiharibika, ilitengenezwa uani na mjomba, kaka yake mama. Mjomba hakuwa msemaji. Mara nyingi tuliona miguu yake tu, imetokeza chini ya gari, na kumsikia akiomba spana.

Nyanya, mama yake baba, alikuwa haoni. Ukungu mweupe ulimfunika macho tangu kabla mama hajaolewa. Alitujua kwa sauti na kwa kutupapasa vichwa. Basi ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya Busia kwa siku moja tu. Klachi ya pikapu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mjomba aliteremsha giaboksi, akaweka klachi mpya, akairudisha. Jioni, alipokwenda kunawa ale ugali, baba alilala chini ya gari akamalizia kufunga boliti zilizobaki.

Asubuhi nyanya alikuwa tayari barazani, amevaa gauni la kanisani, mkoba mapajani. Baba akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak.

Jirani yetu dereva wa lori alileta betri yake kubwa. Bado tak. Wakatia gia, wakasukuma, pikapu ikaburuta magurudumu kama punda asiyetaka kwenda.

"Shemeji, hii gari umeiua," baba akasema. "Na mama yangu ameketi pale anangoja."

Mjomba alirudisha gia huru, akashika puli ya mbele ya injini kwa spana ndefu, akaivuta taratibu. Ikazunguka kidogo, ikagota. Akairudisha nyuma, kisha mbele, ikagota palepale.

"Injini haijakufa," akasema. "Kuna kitu kinaizuia. Jana asubuhi ilikuwa inazunguka, kwa hivyo ni kitu tumegusa."

Akamwita mama ashike ile spana, yeye akaingia chini. Akawa analegeza boliti za giaboksi mojamoja, na kila moja anauliza, "Sasa?" Mama anajibu, "Bado." Nyanya aliuliza kama jua limepanda. Kisha mama, spana ikampeleka mbele nusura aanguke, akasema, "Imeachilia."

Mjomba alitoka na boliti ndefu mkononi. Ilikuwa imefungwa kwenye tundu la boliti fupi, ncha yake ikapenya hadi ndani na kuzuia lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini. Baba aliitazama. Mjomba alimtazama baba, kisha akaifuta kwa kitambaa.

"Kitu kidogo tu," akasema, akarudi chini kuweka ile fupi.

Pikapu iliwaka. Baba alizunguka, akafungua mlango wa abiria. "Shemeji, keti mbele na mama yangu," akasema. Kawaida mjomba alipanda nyuma na magunia. Sijui kama waliwahi kuzungumza zaidi ya hapo kuhusu jambo lile.

Busia walifika kwa wakati. Nyanya alipasuliwa, na bandeji zilipotolewa alimtazama mjomba kutoka kichwani hadi miguuni. "Kumbe wewe ni mrefu hivi," akasema. "Nilidhani ni mfupi. Sauti yako siku zote hutoka chini ya gari."

Mjomba alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Siku hizi uani kwetu pana vyumba vya kupangisha. Pikapu iliuzwa kama vyuma chakavu, nyanya, mjomba na wazazi wangu wamezikwa, na omena hupita barabarani katika magari nisiyoyajua. Sidai kwamba zamani ilikuwa bora. Ila nikikumbuka siku ile, uso wa mjomba nauona vizuri kabisa, mdomo wazi, na sisikii kitu. Kile kicheko kimenitoka kichwani, na sina wa kumwuliza kilikuwaje.