Kikombe Alichokishika Nahimana

Nakumbuka siku ile Nahimana alipoketi uani kwetu Mbuba, kikombe cha kahawa mkononi, na asinywe. Ni mwaka ule Warundi walipovuka mto Ruvubu kukimbia mauaji. Na wewe, mwanangu Devota, unayekwenda ng'ambo kushindana na mataifa kutengeneza kahawa, nataka uende ukiijua habari hii.

Nilikuwa msichana, sijaolewa. Shule niliishia darasa la pili, lakini kahawa niliijua. Kwetu watu waliilima wauze tu. Kuinywa tulijifunza jikoni kwa masista, mimi, Skolastika na Veneranda, na kila Jumapili tulishindana nani atasifiwa na padre. Nilikaanga chunguni, nikatwanga, nikachuja kwa kitambaa. Mara nyingi nilishinda mimi. Veneranda, Mungu amrehemu, alisema nimemloga padre.

Basi Nahimana alikuja na mtoto wake Yozefu mgongoni, maziwa yamemkauka. Alikataa ugali, akakataa maharage, hata uji. Tukasema ni huzuni. Mimi nikajisemea, kahawa yangu hataikataa. Nikaitengeneza kama ya padre, nikatia na asali, nikampa. Akaishika mpaka ikapoa. Nikaudhika.

"Dada, kahawa hii padre huomba aongezewe."

Bibi yangu Anastazia alikuwa pale anamenya ndizi. Hakupandisha sauti.

"Umeitazama kahawa," akaniambia. "Yeye hujamtazama."

Akakichukua kile kikombe, akanywa kwanza yeye, akamrudishia. Ndiyo desturi yetu, mwenye nyumba huonja kabla ya mgeni. Lakini kwa masista hatukufanya hivyo, nami nilishaiacha. Nahimana akanywa yote. Kisha akatueleza polepole kwamba mumewe, Melkiori, aliitwa kunywa pombe kwa rafiki yao wa siku zote, na pombe ile, iliyotiwa sumu, ndiyo iliyomuua.

Tangu hapo akala. Maziwa yakarudi, ila yalichelewa. Yozefu tulimzika nyuma ya migomba, baba akamchongea msalaba. Nahimana alipopelekwa kambini na wenzake alinishika mikono yote miwili. Sikumwona tena.

Mwanangu, nasikia huko waamuzi huketi mezani nawe huwaeleza kahawa yako inanukia nini. Waeleze vizuri, umejifunza. Lakini watazame nyuso kwanza, maana hujui mtu ametoka na nini kwake. Asiyekipenda ulichompa usimnunie. Huenda ana hofu yake, na hofu haiondoki kwa kusifiwa kahawa. Ukishinda, nitafurahi. Ukishindwa, hujamkosea mtu.

Mungu akutangulie, aitulize mikono yako, na kila utakayemhudumia ajione yuko kwa ndugu. Urudi salama, na Mungu akijalia, unikute.