Sifuri ya Mama Muhuri

Naandika haya kwa ajili ya majirani wanaoijua nyumba yangu kuliko mimi. Sikumfukuza muuguzi aliyekuwa akija kumwogesha mama mkwe wangu. Aliondolewa na fomu, na fomu hiyo ilijibiwa na watu wawili wenye akili timamu.

Mama mkwe ana miaka themanini na minne. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Muhuri. Bahasha iliyoandikwa ovyo hakuipokea, hata mwenye bahasha alie machozi.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilimtuma mpimaji aje kujua uzee umemnyang'anya nini na umembakizia miaka mingapi. Atakayeonekana hajiwezi, alituambia, ataendelea kuletewa muuguzi. Tulisikia vizuri; sisi si viziwi.

Mama Muhuri alimpokea kwa suti yake ya kazini. Vifungo nilimfunga mimi.

"Bibi, unaweza kuvaa mwenyewe?"

"Kwani unaniona uchi?"

"Kutembea hatua kumi?"

"Niende wapi? Mgeni ni wewe."

"Kuoga bila msaada?"

"Wewe baba, unaogeshwa na nani?"

Mpimaji akanigeukia. "Mama, ni kweli anaoga mwenyewe?"

Nina shahada. Nimesoma takwimu, najua jibu moja la uongo linavyoharibu hesabu nzima. Lakini nimtaje mama wa marehemu mume wangu na beseni lake, mbele ya mwanamume nisiyemjua, naye mama ameketi pale na pambo la suti kifuani?

"Anaoga," nikasema.

Akajumlisha. Kiwango cha ulemavu: sifuri. Miaka inayotarajiwa: kumi na mmoja, yote ya kujitegemea. Sayansi ikaridhika. Mama akaiomba fomu, akasahihisha tarehe, akatia sahihi.

Siku ya muuguzi ilipofika, mama alikaa kitini tangu asubuhi, taulo magotini.

"Mwenzetu amechelewa leo."

"Haji tena, mama. Tumefaulu."

Akalikunja taulo. "Basi mpigie yule bwana, umwambie ulikosea."

"Nilikosea mimi?"

"Sasa nani, mwanangu? Mimi nimeshatia sahihi."

Sikumpigia. Barua ya kusema Mama Muhuri hajiwezi haitatoka kwa mkono wangu, ikae kwenye faili la watu nisiowajua. Nilikunja mikono ya blauzi, nikamshika kiuno, tukaenda bafuni polepole. Tulichukua muda gani, nani aliteleza, nani alilia, hayo ni ya bafuni.

Siongezi neno.