Kamba Kwenye Kihamba cha Mtu Aliye Hai

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nikiwa napalilia migomba, nikasimama na jembe mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Ni siku ambayo Mzee Ludoviko alisimama kwenye dirisha la darasa langu akiwa ameshika mundu. Wewe unayeanza kazi ya ualimu, keti unisikilize. Mimi si mtu wa maneno mengi, na kuandika naandika polepole, lakini hili sitaki nife nalo.

Nilikuwa binti mdogo, nimemaliza darasa la saba tu. Miaka ile walimu walikuwa haba, basi serikali ikatuchukua sisi wa darasa la saba, ikatufundisha huku tukiwa tayari kazini. Walituita walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wengine walilitamka neno hilo kama mtu anayetema ganda la muwa. Nikapangiwa shule ya msingi ya Kirua Vunjo, huku mlimani ambako baadaye niliolewa. Kwetu ni Mabogini, kule chini kwenye mpunga, ambako wazazi wangu walikuja kutafuta kazi kutoka mbali. Kichagga nilikuwa sikijui, na nilikuwa na haya. Nilipoita majina asubuhi, sauti yangu haikufika dawati la nyuma.

Darasa lilikuwa na watoto karibu mia. Walibanana kwenye madawati, waliokosa nafasi wakakalia matofali, na kitabu kimoja kilizunguka mstari mzima. Hayo nasikia hata leo hayajaisha. Tulipofika kwenye somo la eneo, niliandika ubaoni urefu mara upana, wakakariri kama sala ya asubuhi, wala hakuna aliyeelewa. Nikiuliza swali, wanatazama chini. Nami kwa haya zangu natazama chini. Darasa zima tunatazama sakafu, mwanangu, na kipindi kinakwisha.

Penye nia pana njia. Nikasokota kamba ya maganda makavu ya mgomba, nikaifunga fundo kila penye mita moja, nikawatoa watoto nje tukapima uwanja wa shule. Wakacheka, wakasukumana, wakagombania kushika ncha ya kamba, na wakaelewa. Nilivyoona hivyo nikawaambia kila mmoja asokote kamba yake, akapime shamba la kwao, alete jibu.

Kulikuwa na msichana anaitwa Felista, aliyekalia tofali karibu na mlango. Alilelewa na babu yake, huyo Mzee Ludoviko. Sikuwahi kuuona mkono wake juu. Kesho yake aliunyoosha kabla sijamaliza kuuliza. Alikuwa amepima kihamba cha babu yake pande zote nne, babu akiwa amelala ndani anakohoa. Jibu lake lilikuwa sahihi. Nilifurahi mpaka nikasahau haya zangu, nikawaambia wenzake wampigie makofi.

Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Kule kwetu Mabogini kupima jaruba la mpunga ni jambo la kila msimu. Mtu anapima huku anaimba. Kihamba ni kitu kingine. Ni migomba na kahawa, lakini ni hapo walipozikwa baba na babu. Kamba haipiti kihambani mwenyewe akiwa hai. Hupita akishazikwa, watoto wake wanapogawana. Tena Mzee Ludoviko alikuwa mgonjwa wa kifua, na wanawe wawili walioko mjini walikuwa wameshaanza kuvutana juu ya ardhi hiyo hiyo. Jirani mmoja alimwona Felista anapita na kamba kati ya migomba. Jioni ile ile akina mama waliorudi kutoka soko la Kiboriloni walikuwa wameshaipata habari: wana wa Ludoviko wanagawana, na mwalimu ndiye mpimaji wao.

Asubuhi ile ile ya makofi, mwanga wa dirishani ukaziba. Nikageuka, nikamwona. Dirisha halikuwa na kioo, na yeye alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Huenda ule mundu aliushika kwa sababu alikuwa akikata majani ya ng'ombe, lakini moyo wangu haukufikiri ng'ombe.

“Mwalimu,” alisema, “mimi bado napumua.”

Kisha akamwita Felista atoke. Mtoto akachukua mfuko wake, akapita mbele yangu bila kuniangalia. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia, na jioni nikaambiwa babu ameapa kwamba mjukuu wake hatarudi kwenye shule inayowapimia watu wazima makaburi.

Hapo nikaijua hofu. Nilimwendea mwalimu mkuu, akaniambia yeye hamo, kwa sababu nilipotoka na kamba sikumuaga. Ofisini kwa walimu wakanipa jina. “Bibi Ardhi, karibu chai,” mmoja alinitania. “Kwangu unakuja kupima lini? Mimi pia nakohoa.” Wakacheka. Nami nilicheka nao, lakini chai niliiacha mezani. Darasani nikarudi kwenye ubao, urefu mara upana. Lile tofali la karibu na mlango hakuna mtoto aliyelikalia.

Nikasikia mzee amekataa chakula. Nikawa nahesabu: akifa wiki hii watasema ni mimi, akifa mwezi ujao watasema ni mimi. Kengele ya kanisa ikilia nje ya saa yake, natoka mlangoni kuuliza nani amefariki. Mwishowe nilifunga sanduku langu nishuke Mabogini, nisirudi.

Mama Veronika, mjane niliyepanga chumba kwake, alilikuta sanduku mlangoni. Hakunibembeleza. “Shuka,” alisema. “Felista atakata majani ya ng'ombe mpaka aolewe, na kijiji kitasema umekimbia kwa kuwa ni kweli.” Halafu akaenda uani, akarudi na jani la isale.

Isale unaliona kila siku kwenye mipaka ya vihamba, yale majani marefu ya kijani. Lakini jani hilo likipelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Wala hulipeleki mwenyewe kama barua. Unatafuta mtu wa kukutangulia. Mama Veronika alikubali kunitangulia. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa mwoga, na njia nzima nilimwomba Mungu tumkose nyumbani.

Tulimkuta. Mbwa alibweka, yeye hakumkanya. Mama Veronika akapiga magoti, akashika lile jani kwa mikono miwili, akasema maneno machache ya Kichagga. Mzee hakulipokea. Alinitazama mimi.

“Nani alikutuma? Mwanangu mkubwa au mdogo?”

“Shikamoo, babu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nafundisha eneo.”

“Eneo ndiyo nini?”

Nikachutama, nikachora kwa kidole kwenye vumbi la uani mstatili, nikaugawa kwa vimraba. Mlangoni nikasikia Felista akivihesabu kwa kunong'ona, mstari kwa mstari. Mzee akageuza shingo, akamsikiliza mjukuu wake mpaka akamaliza. Kisha akakohoa muda mrefu, na mimi nikawaza, ndiyo hivi anakufa mbele yangu.

Hakufa. “Kufundisha unajua,” aliniambia. “Kupiga hodi hujui. Umeingia kwangu kwa mikono ya mtoto. Mwizi naye huingia hivyo, kwa kutanguliza mtoto dirishani. Ungekuja ukaniuliza, ningekukatalia, na ningekuambia kwa nini, ukaondoka ukiwa na akili zaidi.”

Nikasema nisamehe, babu. Ndipo akanyoosha mkono akalipokea jani.

“Mtoto atakuja Jumatatu,” alisema. “Kamba isirudi hapa nikiwa hai. Ukitaka kupima, kapime kiwanja cha kanisa. Kile hakina warithi.”

“Aika mbe,” Mama Veronika alishukuru, na nilimwona anauma mdomo asicheke.

Jumatatu Felista alikaa kwenye tofali lake, na mtihani aliufanya. Mimi nilikwenda kwa padri kupiga hodi kabla ya kushika kamba. Hata kwa padri niliogopa.

Sasa, mwanangu, nasikia na wewe uliwapeleka watoto kwenye mfereji kuwafundisha ujazo, wenye zamu ya maji wakaja juu, na kesho unaitwa mbele ya wazazi. Nasikia umeamua kubaki na chaki. Usifanye hivyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Darasa la watoto mia huwezi kulilisha kwa ubao peke yake. Toka nao, washike, wapime, wachafuke. Ila jua kwamba kila utakachokigusa nje ya ukuta wa shule kina mwenyewe, na mwenyewe ana hofu zake usizozijua. Mtangulie mtoto, usimtume yeye akutangulie. Ukikosea, tafuta mtu wa pale anayejua mlango, uende naye kwa miguu yako. Usingoje hofu iishe ndipo uende, maana mimi ni bibi kizee na yangu haijaisha.

Nenda kesho. Mungu akupe sauti itakayofika dawati la nyuma, akupe na magoti yanayojua kupigwa. Watoto wa watu utakaowagusa wakue, wakuzidi, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu aliye hai.